Wasomaji Wanauliza: Rupia za Babu, Pauni za Dhahabu na Sarafu Zilizosuguliwa

Baada ya toleo lililopita kueleza jinsi pesa zilivyobadilika nchini Uganda tangu enzi za kauri, wasomaji wengi wametuandikia kuhusu sarafu za fedha na dhahabu walizorithi, walizouziwa au wanazotaka kuanza kuzikusanya. Tumechagua barua ambazo maswali yake yanajitokeza pia katika nyingine, tukazifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Jinja. Marehemu babu yangu, aliyekuwa karani wa reli, aliacha mkebe wa sarafu ambao haukufunguliwa tangu tulipomzika. Ndani yake mna sarafu zenye kichwa cha malkia, nyingine za wafalme, na moja kubwa yenye mwanamke mwenye shela upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Zote zimekuwa nyeusi. Binti yangu anataka tuzisugue kwa majivu na ndimu kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Je, tufanye hivyo? Na tutajuaje kama ni fedha kweli? (Mama wa watoto wanne, Jinja)

Mama, tunakusihi umzuie binti yako. Weusi huo si uchafu uliokaa juu ya sarafu. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa iliyomo katika hewa, moshi, mpira na sufu, kwa hiyo kuuondoa kwa kusugua ni kuondoa pia sehemu ya uso wa sarafu. Majivu na dawa ya meno vina chembe ngumu zinazoacha mistari myembamba isiyohesabika. Jicho lisilozoea huiona mistari hiyo kuwa mng'ao, lakini mnunuzi mzoefu huitambua mara tu anapoigeuza sarafu chini ya taa, na hapo bei hushuka, mara nyingi hadi nusu au chini ya hapo. Ndimu ni asidi, nayo hula shaba iliyochanganywa na fedha na kuuacha uso ukiwa mweupe uliofifia usio na uhai. Uso ukishapotea namna hiyo hakuna fundi wa kuurudisha, ilhali sarafu nyeusi iliyotulia, hasa yenye weusi unaoelekea rangi ya samawati au ya dhahabu kwenye kingo, wako wakusanyaji wanaoitafuta kwa makusudi.

Kuzitambua ni kazi nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu mkebe wa karani wa reli unaeleza historia yake wenyewe. Reli ya Uganda ilijengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901, wafanyakazi wake wakilipwa kwa rupia za India, na rupia hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Uganda; Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba kuwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia ya wakati huo ina uzito wa gramu 11.66, na kati ya sehemu 1000 za madini yake, sehemu 917 ni fedha. Uzito huo ndio tola moja, kipimo ambacho masonara wetu hawajakiacha hadi leo. Zilizopigwa kabla ya mwaka 1877 zinamtaja Victoria kuwa malkia, na za kuanzia mwaka huo zinamtaja kuwa malkia wa milki, kwa neno EMPRESS. Baada yake huja Edward VII mwenye upara na ndevu, kisha George V mwenye taji.

Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi, halafu shilingi ya Afrika Mashariki. Hapa mwaka ulioandikwa juu ya sarafu unakuambia karibu kila kitu. Shilingi za simba za kuanzia 1921 hadi 1925, pamoja na zile za George VI hadi mwaka 1946, robo yake ni fedha. Zile za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu, hazina hata chembe ya fedha, ingawa simba ni yule yule na ukubwa haukubadilika. Thumuni zake zilifuata mkondo huo huo. Usiuze mchanganyiko wa miaka hiyo kwa bei moja, wala usikubali kununua kwa bei moja.

Ile kubwa yenye mwanamke ni riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika kuanzia Ethiopia na Sudan hadi pwani yetu. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha ni sehemu 833 katika 1000. Mwaka ulioandikwa ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini usidhani kwamba umeshika kitu cha karne ya kumi na nane, kwani sarafu hii iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo katika Vienna na baadaye hata London, Roma na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa upande wetu walikataa nyingine. Walikuwa wakaguzi hodari: walihesabu lulu tisa kwenye bruchi ya begani kabla ya kuipokea. Nawe zihesabu, kisha ugeuze ukingo usome maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA. Riale yenye ukingo mtupu, au yenye maandishi ya ukingoni yaliyochongwa ovyo, ni ya kutilia shaka kabla hata hujaifikisha kwenye mizani.

Kama kuna udongo mkavu juu ya sarafu, ziloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, zisuuze, ziache zikauke juu ya kitambaa laini bila kuzifuta. Zaidi ya hapo usifanye kitu.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mbale na nimeanza kukusanya shilingi za simba za George V. Wauzaji wa mtandaoni huandika VF, EF au UNC, na shilingi mbili za mwaka mmoja, 1922, niliziona zikiuzwa kwa bei zilizopishana zaidi ya mara kumi. Herufi hizi zina maana gani, nami nitaipimaje hali ya sarafu bila kumtegemea muuzaji? (Mwalimu, Mbale)

Mwalimu, herufi hizo ni vifupisho vya ngazi zilizozoeleka Uingereza, yaani F (Fine, nzuri), VF (Very Fine, nzuri sana), EF (Extremely Fine, nzuri mno) na UNC (Uncirculated, isiyotumika), nazo zinajibu swali moja tu: sarafu imechakaa kiasi gani tangu ilipotoka kiwandani. Hazisemi kama ni halisi, wala kama imesafishwa, wala kama ina tundu lililozibwa. Muuzaji mwerevu anaweza kuandika EF bila kusema uongo juu ya sarafu iliyosuguliwa, akakuachia wewe ugundue mengine.

Kanuni ya kwanza ni kwamba uchakavu huanza palipoinuka. Ichukue shilingi yako kwa kingo, kwa ncha za vidole viwili, juu ya kitambaa ili ikikuponyoka isigonge meza. Washa taa moja yenye balbu ya kawaida upande wako, kwa sababu mwanga wa mirija mirefu ya darini huficha mikwaruzo, kisha tumia kioo cha kukuzia cha mara tano au kumi. Upande wa mfalme, tazama taji, nyusi, masharubu na sikio. Upande wa simba, tazama manyoya ya shingoni na bega. Katika ngazi ya chini inayofaa kukusanywa, ambayo wauzaji huiandika F, maandishi yote yanasomeka na simba ana umbo lake, lakini manyoya yameungana kuwa bonge moja na mistari ya taji imefutika. Katika VF nyuzi nyingi za manyoya zinaonekana, ila sehemu zilizoinuka zimekuwa bapa. Katika EF ni lazima uitafute dalili ya kuchakaa, nayo utaikuta kwenye nyusi au begani pekee. UNC haina uchakavu wowote.

Kiini cha ustadi wote kimo katika tofauti kati ya EF na UNC, ambako ndiko pesa nyingi hupotea. Sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu ina mng'ao wa asili unaotokana na namna madini yanavyotiririka chini ya chapa, yaani muhuri wa chuma unaotia picha, wakati wa kupigwa. Ukiiinamisha na kuizungusha polepole chini ya taa, utaona mkanda wa mwanga ukizunguka pamoja nayo bila kukatika, ukipita hata juu ya shavu la mfalme. Sarafu iliyotumika kidogo bado itakuwa na mng'ao huo kwenye mabonde yaliyo kati ya herufi, lakini mkanda utakatika kila unapofika palipoinuka, na hapo madini yataonekana kuwa ya kijivu na laini. Sarafu iliyosuguliwa haina mkanda kabisa: inang'aa sawasawa kila upande unaoigeuza, nao mng'ao huo ni wa sufuria iliyopigwa steliwaya.

Jihadhari na jambo moja ambalo huwadanganya hata wakongwe. Wakati mwingine chapa haikupiga kwa nguvu, hivyo manyoya ya simba hayakujitokeza tangu siku ya kwanza. Hiyo si dalili ya kuchakaa. Ukiona bega la simba ni bapa lakini mng'ao wa asili unapita juu yake bila kubadilika rangi, sarafu ilipigwa vibaya. Ukiona ubapa huo una rangi tofauti na sehemu nyingine, imechakaa. Vilevile, sarafu za UNC huwa na alama ndogo za kugongana ndani ya mifuko ya benki, na hizo hazishushi ngazi yake, ingawa zikiwa nyingi kwenye shavu la mfalme zinapunguza uzuri na bei.

Wamarekani hutumia namba kuanzia 1 hadi 70, mfumo uliobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yao, na kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu zisizo na uchakavu. Kampuni za PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka 1987, hupima sarafu, huzifunga katika visanduku vya plastiki ngumu na kuandika namba hiyo. Kwa pauni adimu ya dhahabu huduma hiyo inafaa gharama yake. Kwa shilingi yetu ya simba yenye fedha isiyofika gramu 2, gharama ya kuituma ng'ambo na kuirudisha itazidi thamani ya sarafu, isipokuwa iwe ya hali ya pekee. Tena visanduku vyenyewe vimeshaanza kughushiwa, kwa hiyo ukiuziwa kimoja, linganisha namba yake na picha iliyo katika kumbukumbu za kampuni husika kabla ya kulipa.

Hizo shilingi mbili za 1922 ulizoziona, bila shaka moja ilikuwa F na nyingine UNC. Fedha iliyomo ndani yake ni ile ile. Tofauti yote ya bei imo katika uso. Kwa maoni yetu, mwalimu mstaafu mwenye kipato cha wastani atafurahia zaidi kununua VF nzuri zisizosafishwa kwa miaka yote, kuliko kusaka UNC moja ya bei kubwa ambayo hana hakika nayo.

Ndugu Mhariri, kuna mtu hapa Kampala ananiuzia pauni za dhahabu za Kiingereza, anasema zinatoka kwa familia moja ya zamani. Sonara niliyempelekea moja anataka kuikwaruza juu ya jiwe lake na kuitia dawa. Nimwachie? Pia rafiki yangu wa Mwanza ana sarafu ya dhahabu ya Kijerumani yenye tembo. Ni kweli zipo? (Mfanyabiashara, Nakasero)

Usimwachie. Jiwe na dawa ya sonara vinafaa kwa pete na mikufu inayoyeyushwa, lakini mkwaruzo wa jiwe kwenye ukingo wa pauni ni jeraha la kudumu, na kila mnunuzi wa baadaye ataliona. Kama ana mashine ya eksirei ya kupimia madini, mwombe aitumie, ukijua kwamba mashine hiyo husoma madini ya juu tu na inaweza kudanganywa na dhahabu nene iliyopakwa juu ya kitu kingine. Vipimo vya uzito na maji unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani.

Pauni ya dhahabu ni ya karati 22, uzito wake ni gramu 7.99, upana wake ni milimita 22.05, na dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Kisheria Uingereza iliikubali katika malipo mradi isipungue gramu 7.94 kwa kuchakaa. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba na uitumbukize ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala pembeni. Namba itakayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa pauni halisi itakuwa karibu gramu 0.45, kwa sababu dhahabu ya karati 22 ni nzito mara 17 na nusu hivi kuliko maji. Kipande cha risasi chenye uzito ule ule kitasukuma gramu 0.70, na cha shaba nyeupe au shaba ya njano kitakaribia au kuzidi 0.90. Rudia kipimo, kwa kuwa kiputo kimoja cha hewa kilichonata kwenye sarafu kinatosha kukupotosha. Kipimo hicho hicho kwa riale ya yule mama wa Jinja kitatoa karibu gramu 2.75.

Sumaku haitoshi. Ikiivuta sarafu, hiyo si dhahabu wala fedha. Isipoivuta, hujathibitisha lolote, kwani shaba na risasi nazo hazivutwi. Kwa vipande vya dhahabu safi, vya sehemu 999, ongeza tahadhari, maana tangsteni ina uzito wa 19.25 dhidi ya 19.3 wa dhahabu, tofauti ambayo glasi ya maji ya nyumbani haiwezi kuikamata.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalitarajii: pauni ya kughushi inaweza kuwa na dhahabu ya kweli. Katika miaka ya 1950 na 1960 mafundi wa Lebanoni walipiga pauni nyingi za uongo kwa dhahabu halali, wakapata faida kwa sababu pauni iliuzwa kwa bei iliyozidi dhahabu yake. Vipimo vya uzito na maji vitazipitisha bila shida. Zinajulikana kwa kutazama: herufi zenye kingo za mviringo, farasi wa Mtakatifu George, aliye upande wa pili wa pauni, asiye na misuli iliyochongoka, vidoti vidogo vilivyoinuka juu ya uwanja wa sarafu, yaani sehemu bapa isiyo na picha, au mwaka usiolingana na kichwa cha mfalme. Kama unanunua dhahabu tu, hasara yako ni ndogo. Kama umelipa bei ya mkusanyaji kwa mwaka adimu, umeibiwa.

Angalia pia ukingo. Pauni na rupia nyingi za nchi zetu ziliwahi kuvaliwa shingoni, na pete ilipotolewa, kovu la risasi ya kuunganishia likabaki juu ya kichwa cha mfalme, limepigwa msasa hadi meno ya ukingo yakafutika kwa upana wa punje ya mchele. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo wote. Pale ambapo meno yanakatika, uliza swali. Na muuzaji anapotaja wakia, muulize ni wakia ipi, kwani ya dhahabu ni gramu 31.10 na ile ya kupimia bidhaa nyingine ni 28.35. Tofauti hiyo imewatajirisha watu.

Sarafu ya tembo ipo. Mwaka 1916, Wajerumani wa Afrika Mashariki walipokuwa wamezingirwa vitani, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora, wakitumia dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Zilipigwa takriban 16,000 tu, uzito wake ni gramu 7.17, na dhahabu ni robo tatu. Upande mmoja una tai wa Ujerumani, na wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Kwa kuwa inatafutwa sana, imeghushiwa sana pia, na hii ni moja ya sarafu chache za kwetu ambazo tungemshauri mtu alipe gharama ya kuzituma kwa kampuni ya upimaji. Rafiki yako asiiuze kwa bei ya dhahabu.

Assalaam aleikum Mhariri. Wazee wetu hapa Bombo walikuwa wakitaja rupia ya nguruwe ambayo Waislamu waliikataa. Ni hadithi au ni kweli, na nitaijuaje? (Hajji, Bombo)

Waaleikum salaam, Hajji. Ni kweli. Ni rupia ya George V ya mwaka 1911. Kwenye joho la mfalme kuna mkufu wa nishani, na katika mkufu huo mchongaji aliweka tembo mdogo, lakini mkonga na miguu vilitoka vifupi hata watu wakaona nguruwe. Malalamiko yalikuwa makubwa India, serikali ikaziondoa, nyingi zikayeyushwa, na kuanzia 1912 tembo alichongwa upya akiwa na mkonga mrefu usio na utata.

Kuitambua hakuhitaji ustadi, kwani rupia zote za 1911 zina mchoro huo. Ugumu ni hali yake. Tembo huyo yuko kifuani, mahali palipoinuka kiasi, hivyo katika rupia iliyochakaa hubaki kama kipele tu, nawe utakuwa unalipia hadithi usiyoweza kuiona. Subiri upate yenye VF au zaidi, ambayo mgongo na mkia wa mnyama vinaonekana kwa kioo. Kuna watu wanaogeuza tarakimu ya mwisho ya mwaka kwa sindano. Mchoro wa tembo utawaumbua, kwa sababu mwaka unaweza kuchongwa upya lakini mkonga mrefu haufupiki.

Mpendwa Mhariri, shangazi yangu aliniachia sarafu ya fedha ya shilingi 10 ya mwaka 1969 iliyotolewa kwa ajili ya ziara ya Papa. Inang'aa kama kioo. Je, Benki Kuu itanilipa kiasi gani? (Msomaji, Masaka)

Papa Paulo VI alizuru Uganda kuanzia tarehe 31 Julai hadi 2 Agosti 1969, akiwa Papa wa kwanza kufika Afrika, na kwa heshima ya ziara hiyo zilitolewa sarafu za fedha za shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30, pamoja na za dhahabu za shilingi 50, 100, 500 na 1000. Hiyo ya 1000 ina uzito wa gramu 138.24, mzigo mkononi. Ya kwako ni gramu 20 za fedha iliyo karibu safi kabisa. Thamani iliyoandikwa isahau, kwani mwaka 1987 shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya. Thamani yake imo katika fedha na katika uso.

Uso huo ni wa namna ya pekee. Sarafu za aina hii hazikukusudiwa kutumika sokoni. Chapa zake husafishwa mpaka ziwe kama kioo, na sarafu hupigwa zaidi ya mara moja. Fedha safi ni laini kuliko ile ya rupia, kwa hiyo kuifuta mara moja kwa leso kunaacha mistari isiyofutika, na alama ya kidole isipoondolewa mapema hukaa humo milele. Usiitoe kwenye kasha lake. Na ukienda kununua nyingine zenye jina la Uganda, fahamu kwamba tangu miaka ya 1990 sarafu nyingi zenye nembo yetu zimetengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo, zikiwa na picha zisizohusiana kabisa na nchi hii, na baadhi ni shaba na nikeli iliyopakwa fedha nyembamba. Soma kiasi cha madini kabla ya kuvutiwa na mchoro.

Mhariri, rupia nilizoweka kwenye vifuko laini vya plastiki zimeanza kuwa na utelezi wa kijani. Nifanye nini? (Kijana, Arua)

Vifuko hivyo vimetengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka, hasa penye joto, hutoa asidi inayokula shaba iliyomo ndani ya fedha. Zitoe leo. Loweka kila moja katika asetoni safi ya maduka ya kemikali, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta, ukiwa mahali penye hewa na mbali na jiko, kisha uiache ikauke yenyewe. Asetoni haigusi fedha, huyeyusha utelezi tu. Alama zilizokwisha kuchimbika zitabaki.

Baada ya hapo tumia vikasha vya plastiki ngumu au bahasha za karatasi zisizo na asidi. Usifunge sarafu kwa raba, usizifunike kwa gazeti, wala usiziweke katika chumba chenye taa ya mafuta ya taa. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu hunyonya unyevu. Viweke viwili vitatu ndani ya sanduku na uvibadilishe msimu wa mvua unapoanza.

Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukichimba msingi wa nyumba tulikuta chungu chenye sarafu kuukuu. Mnunuzi amekwisha kuja. (Msomaji, Hoima)

Mrudishe kwanza. Sheria za Uganda zinalinda vitu vya kale vinavyofukuliwa, na mahali pa kutoa taarifa ni Makumbusho ya Uganda, Kitante, Kampala, au kwa ofisa wa utamaduni wa wilaya yako. Msizitenganishe sarafu zilizonatana, msizioshe, na hifadhini chungu hata kama kimevunjika, pamoja na udongo uliomo ndani yake. Piga picha mahali mlipochimba kabla ya msingi kuendelea, upime kina kwa kamba, na uandike ni sarafu ipi ilikuwa juu na ipi ilikuwa chini, kwa kuwa mwaka wa sarafu iliyo changa kuliko zote ndio utakaoonyesha kwamba chungu hakikuzikwa kabla ya hapo.